Gurudumu la Mbele Kushoto

Bakoba, Bukoba
2 Juni 2024

Dada Agnetha,

Tangu radi iupige mnara wenu huko Goziba nimekupigia simu mpaka nimekata tamaa. Leo Byabato ameniambia boti yake inakuja huko na barafu, nikamwomba anisubiri niandike. Kazi hii sijaifanya tangu nimalize shule, kwa hiyo univumilie mwandiko. Mae hajambo, ni lile goti tu. Mama ni mama, anauliza kama huko kisiwani mnapata ndizi au ni ugali siku zote.

Sasa nikupe habari. Unalikumbuka lile shamba la chai lililoachwa kule Muleba, ambalo mmiliki wake alijenga barabara ya lami ndani kwa ndani kabla hajaondoka? Klabu ya magari imeliazima. Barabara inapanda kilima, inazunguka, inashuka kwa kasi hadi kwenye kona moja kali, halafu inarudi ilipoanzia. Agosti watakuwa na siku ya uwanja. Si mashindano ya kufukuzana. Gari linaingia peke yake na dereva anapambana na saa tu. Na mimi, fundi wa uchochoroni Bakoba, nimepewa gari moja nilitengeneze breki!

Dada, nilidhani nazijua breki. Gari la kwenda sokoni linakanyagwa breki, linapoa, basi. Huko uwanjani zinakanyagwa kwa nguvu zote, na kabla hazijapoa zinakanyagwa tena. Mafuta ya breki yaliyokaa muda mrefu yanakuwa yamevuta unyevu wa hewani. Yakipata moto ule yanachemka, yanatoa mapovu, na mguu unazama hadi sakafuni huku gari likiendelea na safari zake. Kwa hiyo nimeyamwaga yote, nimetia mapya. Pedi nimeweka za kuhimili moto. Diski za zamani nimezipeleka zikachongwa, zimerudi zinang'aa.

Jumamosi tulifanya jaribio la kwanza. Gari liliporudi niliinama nikachungulia katikati ya rimu. Diski ilikuwa nyekundu, nyekundu kama chuma kilichotoka tanurini, na ilikuwa saa za mchana chini ya mkaratusi. Nilibaki nimechutama mdomo wazi. Hebu fikiria gari zima linashuka kilima kama limetupwa, halafu vipande vichache vya pedi, kila kimoja hakizidi kiganja chako, vinalikamata na kulituliza. Ile kasi yote inageuka kuwa moto. Niliuona kwa macho yangu ukififia polepole, wekundu, kahawia, kisha chuma cha kawaida tena.

Dereva wangu hasikii kabisa, lakini nimezoea na kazi inakwenda.

Mdogo wako,
Rutashobya


Goziba
11 Juni 2024

Mdogo wangu Rutashobya,

Barua yako imefika imelowa na inanuka samaki. Nimeisoma nimesimama, kwa sababu kulikuwa na akina mama wamekuja kuchanja watoto na sikutaka kuiweka mfukoni. Mwambie Mae ndizi zinakuja kwa boti zikiwa zimeiva njiani, tunakula hivyo hivyo.

Waitu, jamani, umeniandikia ukurasa mzima wa moto na chuma, halafu mwishoni, kama mtu anayetaja hali ya hewa, unasema dereva hasikii! Kijana asiyesikia unampa gari la namna hiyo? Kabla sijaletwa huku, nimekaa wodini Bukoba miaka mingapi? Nimewafunga plasta miguuni vijana wengi walioambiwa punguza mwendo wakacheka. Wengine hawakuhitaji kufungwa miguu tena.

Mkalishe chini mbele ya baba yake. Mwambie breki ni zako na sheria ni zako. Akiendelea na kichwa chake kigumu, mrudishie ufunguo aende kwa fundi mwingine. Bado sijaelewa faida ya kukimbia namna hiyo ili urudi ulipotoka, lakini hilo tuliache.

Huku pepo zimeanza. Jana boti mbili zilirudi bila kushusha nyavu.

Dada yako,
Agnetha


Bakoba
24 Juni 2024

Dada,

Nimecheka hadi Mae akaja kuniuliza kuna nini. Nilisema hasikii. Masikio yake hayasikii, dada, si kichwa! Na si kijana wa kiume. Ni Jovina, binti wa mzee Karugendo wa Kashozi, yule aliyekuwa na lori la kubeba kahawa. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo, na alipopona dunia ilikuwa kimya. Sasa anachora ramani za majengo hapa mjini. Kihaya anakisoma mdomoni mwa baba yake, na mimi ananifundisha lugha ya alama. Nikikosea ananipiga begani.

Mzee Karugendo ananieleza kwamba alipokuwa mtoto, Jovina alipanda lori kila siku, akikaa karibu na injini amevua viatu. Kuendesha alijifunza ndani ya kibanja chao cha migomba, akizunguka uwanja wa kuanikia kahawa. Baba yake hakutaka hata kidogo. Bado hataki. Lakini ndiye aliyemleta gereji kwangu.

Sijui nikueleze vipi. Unajua namna ya kutoa upepo kwenye breki: mmoja anakaa ndani anakanyaga pedali, mwingine yuko chini ya gari anafungua na kufunga, huku akipiga kelele, "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Nikawa nimelala chini ya gari nikijiuliza nitamwitaje. Jovina akavua kiatu, akaniandikia kwenye simu: "Piga sakafu kwa kiganja. Moja nakanyaga, mbili naachia." Tukafanya magurudumu yote manne kwa kugonga tu. Gereji nzima iliacha kazi kututazama. Hakukosea hata mara moja.

Klabu nayo ilikuwa na maswali. Katibu wao, mama mmoja anaitwa Salma ambaye alikuwa dereva wa mbio Mwanza, ndiye aliyeyamaliza. "Uwanjani tunaongea kwa bendera," aliwaambia wenzake. "Ndani ya helmeti, na injini inaunguruma, ninyi wenyewe mnasikia nini?"

Kitu kimoja tu kinatusumbua. Wiki iliyopita tulikwenda Muleba kuzifundisha pedi, maana zile za kwanza ziliungua, na pedi mpya haziingii kazini hivi hivi. Unapandisha mwendo, unakanyaga kwa nguvu bila kusimama kabisa, unaachia, unarudia, kisha unaliacha gari litembee polepole lipoe. Jovina akarudi, akashuka, akaelekeza kidole gurudumu la mbele kushoto. "Kuna kitu kinanigonga kisigino," aliandika. "Kila gurudumu likizunguka, mara moja."

Nikalinyanyua gari. Nikalizungusha gurudumu, nikaweka ncha ya bisibisi kwenye kalipa, ile taya inayobana pedi, na mpini wake sikioni, kama tunavyosikiliza siku zote. Kimya. Nikapima diski, ipo sawa. Nikaendesha mwenyewe taratibu, sikusikia chochote. Nikamwambia ni wasiwasi tu wa kona ile ya chini. Akaandika neno moja, "Kipo," akakataa kuingia tena.

Jumapili ya tarehe saba nitaliingiza mwenyewe, nizunguke kwa kasi yote, aone kwa macho yake kwamba breki zinashika. Nadhani atatulia.

Rutashobya


Goziba
2 Julai 2024

Rutashobya,

Naandika haraka, kuna boti inaondoka sasa hivi.

Usiliingize hilo gari.

Mwezi Mei alikuja mama hapa, mimba ya miezi minane, akaniambia, "Nesi, leo mtoto amekaa vibaya." Nikampima. Mapigo ya moyo mazuri, presha nzuri, kila kitu kizuri. Nikataka kumrudisha kwenye kambi yao ya wavuvi. Yeye akakaa palepale kwenye benchi, akasema haondoki. Jioni ile ile damu ilianza kutoka, na kama asingekuwa hapa kwenye benchi langu nisingemuwahi. Yuko hai, na mtoto yuko hai. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kuna kitu ndani, natafuta mpaka nikipate.

Jovina amekuambia kipo. Kitafute. Usipokiona, tafuta tena.

Agnetha


Bukoba
12 Julai 2024

Dada Agnetha,

Hunifahamu, na samahani kwamba salamu zangu za kwanza zinakuja na habari hii. Mimi ni Jovina Karugendo. Kaka yako yuko hai, anakula, na ameniagiza nianze na hilo. Mkono wake wa kulia umevunjika karibu na kifundo, na umefungwa plasta. Ndiyo maana naandika mimi. Barua yako ilifika Jumanne. Jambo lilikuwa limetokea Jumapili. Aliisoma kitandani, kisha akaiweka juu ya uso wake akakaa hivyo.

Nitakueleza nilivyoona. Nilikuwa nimesimama kwenye kona ya chini na baba yangu. Rutashobya alizunguka mara mbili vizuri, na mara ya pili alinipungia mkono kana kwamba anasema, si unaona? Mara ya tatu alishuka kwa kasi kuliko nilivyowahi kushuka mimi. Niliona pua ya gari ikiinama, maana yake amekanyaga. Halafu pua ikainuka. Pua haitakiwi kuinuka pale. Cheche zikaruka kutoka gurudumu la kushoto, gari likavutwa kulia, likapita kwenye ukingo wa barabara na kuingia kwenye michai.

Niliona yote na sikusikia chochote. Baba yangu alisikia yote, na alikuwa amefumba macho. Tulikimbia pamoja.

Michai ile haijapogolewa kwa miaka mingi, imekuwa msitu. Ililipokea gari ikalizuia kama godoro nene. Usukani ndio uliomvunja mkono, ulipogeuka kwa nguvu. Tulipofungua mlango alikuwa anaongea, lakini mdomo wake ulikuwa unatetemeka na sikuweza kuusoma. Baba akanitafsiria kwa alama: "Anasema, kilikuwepo."

Diski ilikuwa imepasuka kutoka katikati hadi ukingoni. Kipande kimoja tulikiokota barabarani. Ukikitazama pale kilipovunjika, sehemu kubwa inang'aa, ni mpasuko mpya, lakini karibu na katikati kuna mstari mweusi. Huo ni wa zamani. Ulikuwa ndani siku zote, mwembamba kuliko unywele, hata baada ya kuchongwa.

Najua unataka kuuliza niliujuaje. Kila mtu ananiuliza. Breki zikiwa nzima, pedali inakuja mguuni ikiwa laini na nzito, kama kukanyaga udongo wa kibanjani baada ya mvua. Safari ile ndani ya udongo kulikuwa na punje ya mchanga. Ni hivyo tu. Sikujua ni ufa. Nilijua ni punje.

Sijamkasirikia, tafadhali ujue. Ninaogopa tu kwamba sasa yeye ameanza kuniogopa. Anauliza maoni yangu hata kama aweke sukari kwenye chai.

Jovina K.


Goziba
21 Julai 2024

Mdogo wangu Jovina,

Asante kwa kuanza na neno "hai". Wewe ungekuwa nesi mzuri. Wengi huanza na damu.

Hapo juu unaona sentensi nimeikata kwa wino. Nilikuwa nimeanza kukuandikia nikukataze, nikuambie Agosti ukae nyumbani na huyo kaka yangu mwenye plasta. Nimeikata kwa sababu niliisoma tena barua yako hadi pale kwenye punje ya mchanga, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za zahanati. Upepo ulikuwa mkali na watu walikuwa wanapiga kelele wakivuta boti nchi kavu. Nikajaribu kuziba masikio na kusikia ardhi kwa miguu. Sikupata kitu. Nilijisikia kama mtu aliyeonyeshwa mlango katika nyumba yake mwenyewe ambao hajawahi kuuona.

Kwa hiyo nauliza badala ya kukataza. Bado unataka kuingia? Ukitaka, weka diski mpya, zisizochongwa na mtu. Na nani atafunga nati, kama mkono wa fundi umefungwa?

Rutashobya najua ananisoma pia, maana hawezi kuacha barua ya mtu. Mdogo wangu, sikugombezi. Ungekufa ningekugombeza maisha yangu yote. Umepona, basi.

Sitaweza kuja. Mwenzangu yuko likizo na siwezi kuiacha zahanati peke yake. Niandikieni kila kitu.

Agnetha


Bakoba
19 Agosti 2024

Dada,

Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, usinicheke. Plasta inatolewa wiki hii. Jovina alitaka kuandika yeye, nikamwambia hapana, hii ni yangu.

Nati umeuliza atafunga nani. Alifunga Jovina mwenyewe. Mimi nilikaa kwenye ndoo nikielekeza, na mzee Karugendo alikaa ndani akikanyaga pedali kwa kugongewa sakafu, akilalamika Kihaya muda wote kwamba hataki jambo hili. Diski mpya zote nne. Na mpya nazo tulizikagua. Ukizipaka mafuta ya taa, ukazifuta zikakauka, ukapaka vumbi la chaki nyeupe, kama kuna ufa mafuta yanatoka ndani na kuchora mstari. Tulizitazama pamoja kwenye jua, vichwa vyetu vikigusana. Nyeupe tupu. Tukaweka mabomba mawili ya mpira kutoka mbele ya bampa kupeleka upepo kwenye diski, mafuta mapya, pedi mpya, tukazifundisha upya. Jovina aliporudi kutoka kuzifundisha nilimkimbilia hata kabla hajazima injini. Akanipa alama ya udongo baada ya mvua. Ametunga yeye mwenyewe, anasugua vidole kama mtu anayepima udongo.

Siku yenyewe, Jumamosi, watu walijaa kilimani kuliko nilivyotegemea. Alipoingia Jovina, Salma alisimama mwenyewe na bendera. Mimi nilikwenda kwenye kona ya chini. Pale michai bado imelala chini nilipopita.

Mzee Karugendo alikuja akasimama karibu nami, lakini ameupa uwanja mgongo. Akasema hawezi kutazama, atasikiliza. Tukaanza kusikia injini juu ya kilima. Halafu likatokea.

Dada Agnetha, nimefanya kazi ya magari tangu nikiwa kijana na sikuwahi kuona kitu kama kile. Lilikuja kasi mno, likapita mahali nilipokanyaga mimi, likaendelea, nikasema moyoni amesahau, amesahau. Ndipo pua ikainama, ikabaki imeinama. Gari zima likatulia barabarani kama mnyama anayelala, na ndani ya rimu diski zikawaka, zote mbili za mbele kwa wekundu mmoja, sawasawa. Likageuka kona bila hata tairi kupiga kelele. Likapanda likapotea.

Mzee akauliza, bado amegeukia upande mwingine, "Amepita?"

"Amepita, mzee."

"Mbona sikusikia breki?"

Hakukuwa na cha kusikia. Hakuna mlio, hakuna mkwaruzo. Mzunguko uliofuata nilimshika bega nikamgeuza taratibu, naye akakubali kugeuka. Akaona. Akavua kofia yake kama mtu aliyeingia kanisani, akabaki ameishika kifuani hadi binti yake alipomaliza.

Jovina alizunguka mara moja ya mwisho polepole ili zipoe, akaegesha bila kuvuta breki ya mkono, maana diski ikiwa na moto ule inashikana na pedi. Tukatia mawe kwenye magurudumu. Muda wake ulikuwa mzuri kuliko wa magari mengi mapya ya siku ile, lakini si hiyo ninayotaka kukuambia.

Mchana klabu iliruhusu madereva kuchukua abiria. Jovina akanitazama, akaonyesha kiti. Baada ya Julai nilikuwa nimeapa sitapanda gari kwenye barabara ile. Nikavaa helmeti. Kabla hatujaondoka akaelekeza miguu yangu. Nikavua kiatu cha kulia na soksi, nikaweka unyayo kwenye sakafu tupu ya bati. Kisha akachukua pamba, akaniziba masikio mwenyewe, akafunga helmeti juu yake.

Mwanzoni ilikuwa hofu tu. Kilimani nikafumba macho, na taratibu mguu ukaanza kupokea. Injini kwanza, mtetemo mkubwa uliojaa kila mahali. Chini yake lami, mbavu zake ndogondogo. Chini ya lami kitu kingine, magurudumu, na nikaanza kuyatenganisha, hili la nyuma lina mwendo wake, hili la mbele lina wake. Tukaanza kushuka. Nilijua tunashuka, nilijua kona iko wapi bila kufumbua macho, na mwili wangu wote ukakaza ukingoja.

Akakanyaga.

Ilikuja kutoka mbele, kushoto na kulia kwa pamoja, nzito na laini, ikapanda kwenye unyayo hadi gotini hadi kifuani. Kasi yote ile, dada, kilima kizima, ikaingia mahali pamoja ikatulia. Hakukuwa na punje yoyote ndani yake. Nilitafuta. Nilitafuta kama ulivyoniambia, hadi mwisho, na hakukuwa na chochote isipokuwa ule utulivu mkubwa ukinishikilia.

Gari liliposimama sikushuka. Nilikuwa nalia ndani ya helmeti na siwezi kujifuta, mkono mmoja plasta, mwingine umeng'ang'ania mlango. Jovina akazima injini. Akafungua helmeti yangu, akanitoa pamba masikioni, akanifuta yeye. Tulikaa hivyo, na diski zikipoa chini yetu, hadi mzee Karugendo alipokuja kugonga kioo akasema na yeye anataka zamu yake.

Mdogo wako,
Rutashobya